Ripoti inasema nina nguvu za kutosha, mbona mgongo bado unanitesa?

*Barua imefupishwa, na mambo ambayo yangeweza kumtambulisha mwandishi yameondolewa.*

Anti, shikamoo.

Nafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya watalii hapa Arusha. Jina la hoteli na langu naomba uyaache. Wenzangu wanasoma safu hii wakati wa chai, na najua wakifika katikati ya barua watanijua tu, ila angalau nitakuwa na pa kubishia.

Mgongo ulianza kuniuma mwanangu wa mwisho akiwa chekechea. Sasa yuko darasa la nne. Siku hiyo wageni wengi walikuwa wanaondoka na wengine wengi wanaingia, mwenzangu wa zamu hakutokea, nikabaki nahangaika na magodoro makubwa peke yangu. Nilipoinua kona ya godoro moja ili nichomeke shuka, nilisikia kitu kimevutika kiunoni upande wa kulia. Nikamaliza zamu hivyohivyo. Asubuhi yake nilishindwa kuinama kuvaa viatu, mume wangu ndiye aliyenifunga kamba.

Tangu hapo maumivu hayajawahi kuniacha moja kwa moja. Yanapoa, yanarudi. Nilipiga eksirei, baadaye ndugu wakanichangia nikapiga kipimo cha MRI. Daktari aliinua picha kwenye mwanga akasema, "Pingili zimesagika, na diski moja imetokeza kidogo. Uwe makini, usibebe vizito." Hakuongeza mengi. Anti, neno lile limekaa kichwani mwangu kama msumari. Nikiinama kuokota kijiko nasikia kabisa mifupa inasagana. Mkanda wa mgongo nimevaa mpaka wa kwanza ukaisha, nikanunua mwingine. Sindano za diklofenaki nimechomwa hadi muuguzi wa zahanati ya mtaani akiniona tu anaanza kutafuta bomba. Vidonge navyo vimeniletea kiungulia kisichoisha.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Mwaka huu nimekuwa nikikosa kazi mara kwa mara, mwajiri akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia anipime kama naiweza kazi. Alichukua kifaa chenye ncha ya mpira, akawa ananibonyeza kiunoni taratibu, akaniambia niseme "sasa" pale mgandamizo utakapogeuka kuwa maumivu. Nilisema mapema sana, na hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba alinibonyeza pia kwenye ugoko na kwenye kucha ya kidole gumba, mahali ambapo sina shida yoyote, nako nikaruka. Akaandika. Halafu nikawa napandisha kreti kutoka sakafuni hadi mezani, yeye akiongeza uzito kila nikimaliza. Nilifika kilo 12 nikamwambia basi. Akanipima mapigo ya moyo. Nikatembea dakika sita kwenye korido, nikakaa na kusimama kwenye kiti mara nyingi, tukamaliza.

Ripoti ilirudi kazini imeandikwa kwamba usikivu wangu wa maumivu uko juu, ila uwezo wa mwili unatosha kwa kazi ya uzito wa kati, na kwamba kwenye kuinua nilisimama kabla misuli haijachoka. Supavaiza alisoma hapo mwisho, akaniangalia, akasema, "Kumbe unaweza." Nililia chooni.

Nyumbani ndiyo kabisa. Mume wangu anaendesha bodaboda, siyo mtu mbaya, lakini alipoisikia habari ya ripoti alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii?" Hakumalizia. Mama mkwe anaamini wasichana wa siku hizi hatukufundishwa kazi. Na juzi kwenye sendofu ya mtoto wa wifi yangu nilicheza. Nilicheza kweli, Anti, kaka wa bibi harusi alinivuta katikati nikajisahau. Kesho yake na keshokutwa sikutoka kitandani. Wifi akaandika kwenye grupu la familia la wasap: "Kiuno cha jembe ndicho kinachouma, cha muziki ni kizima." Watu wakacheka. Mume wangu hakusema kitu.

Ofisini nimepewa mambo mawili. Nirudi vyumbani zamu kamili, au tukubaliane niache kazi kwa hiari nilipwe. Supavaiza aliniambia kwa mdomo kwamba kuna nafasi kwenye stoo ya mashuka, ila afisa utumishi hajaitaja, na kule hakuna tipu. Tipu ndizo zinazolipa ada ya watoto. Kuna wakati nawaza nichukue hiyo hela, nifungue robota la mitumba, nikae sokoni kwangu nijitawale.

Ijumaa ijayo naitwa ofisini kutoa jibu. Naomba uniambie: je, mimi ni mwongo bila kujijua? Nikirudi kwenye magodoro nitaishia kwenye kiti cha magurudumu? Na hiyo hela niichukue?

Mama Wawili, Arusha

ANTI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, kwa sababu mara ya kwanza nilikasirishwa na wifi yako nikashindwa kufikiri vizuri.

Ninavyokuelewa, umesukumwa kwenye kona yenye milango miwili. Mlango mmoja umeandikwa "mzima anayejifanya mgonjwa", wa pili "kilema mtarajiwa". Supavaiza anakusukuma kwenye wa kwanza, picha ya MRI kwenye wa pili, na wewe umeanza kuamini kwamba lazima uwe mmojawapo. Ndiyo maana sentensi moja ya ripoti imekuliza chooni. Lakini nikiangalia hicho alichokupima yule mtaalamu, naona alipima vitu viwili tofauti, na majibu ya vyote viwili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Anza na kidole gumba. Uliona aibu kuruka, na nadhani mpaka leo unahofia kwamba mtaalamu alikutegea mtego akakunasa. Ukisoma ripoti yako vizuri, hakuna palipoandikwa hivyo. Umewahi kuungua na mvuke wa sufuria? Kesho yake hata kanga ikipita juu ya lile eneo inauma, na kanga haina kosa lolote. Neva za pale zimeongeza usikivu ili ulilinde jeraha. Kwa kawaida jeraha likipona usikivu unashuka. Kwa baadhi ya watu wenye maumivu ya muda mrefu haushuki, na hauishii pale palipoumia tu: uti wa mgongo na ubongo, vinavyopokea taarifa kutoka mwili mzima, navyo vinakuwa vyepesi kupokea. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwabonyeza watu wenye maumivu sugu ya kiuno kwenye kucha ya kidole gumba, hapohapo ulipobonyezwa wewe, huku wakiupiga picha ubongo. Kwa mgandamizo uleule uliowasumbua kidogo tu watu wazima wa afya, hawa waliumia zaidi, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu ziliwaka zaidi. Picha ya ubongo haiigizi, mwanangu. Mtu akikwambia yako "ni ya kichwani" akiwa na maana umeyatunga, kuruka kwako kwenye kucha ni jibu tosha.

Jambo la pili ni uwezo: unainua kilo ngapi, unatembea umbali gani, unakaa na kusimama mara ngapi. Wengi tunadhani hivi viwili vinapanda na kushuka pamoja, kwamba anayeumia sana lazima awe dhaifu sana. Wanaopima wagonjwa wa mgongo wanakuta uhusiano upo, ila ni hafifu kuliko tunavyodhani. Yupo anayeruka ukimgusa na bado anabeba ndoo, na yupo ambaye ukimbonyeza hasikii kitu ila ngazi mbili zinamshinda. Kati ya maumivu na uwezo yanaingia mengine mengi: usingizi, woga, msongo, muda ambao misuli imekaa bila kazi, na mtu mwenyewe anaamini nini kuhusu mgongo wake.

Sasa ile sentensi iliyokuchoma. "Alisimama kabla misuli haijachoka." Wapimaji huangalia mapigo ya moyo, pumzi, na namna mwili unavyoanza kuyumba uzito unapokaribia ukomo. Kama hayo hayajabadilika sana, wanaandika kwamba misuli ilikuwa na akiba. Hawaandiki kwa nini mtu alisimama, kwa sababu hawajui. Wewe unajua. Naomba urudi pale kwenye kilo 12, taratibu, bila kujihukumu. Ulisimama kwa sababu maumivu yalikuwa yamefika mahali hayavumiliki? Au kwa sababu ulisikia yale maneno ya daktari na ukaona kreti ikiongezwa kidogo tu kitu kitakatika? Yote mawili ni sababu za kweli na hakuna iliyo ya aibu. Ila tiba zake hazifanani, na ndiyo maana nakuuliza.

Nashuku ya pili inahusika, na lawama sikupi wewe. "Pingili zimesagika" ni maneno mazito kumwambia mtu halafu ukaita mgonjwa anayefuata. Kuna uchunguzi mkubwa wa mwaka 2015 uliokusanya picha za migongo ya watu wasiosikia maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski (vile vimto laini vilivyo kati ya pingili) zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizotokeza nazo zilianzia asilimia 30 kwa vijana, zikafika 84 kwa wazee. Watu hao wote walikuwa hawaumwi! Sisemi picha yako haina maana yoyote. Nasema inawezekana inaonyesha umri na kazi vilivyopita mgongoni mwako, kama ambavyo uso wangu nao unaonyesha, na kwamba peke yake haitoshi kueleza kwa nini unaumia leo, wala haitabiri kiti cha magurudumu.

Hapo kuna sharti moja ambalo sitalipunguza hata kidogo. Ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja unapokalia, mkojo au choo vikaanza kukutoka bila kujua au mkojo ukagoma kutoka, au mguu mmoja ukazidi kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje wala kuniandikia. Na kama una homa za jioni, jasho la usiku, unapungua uzito bila sababu, au uliwahi kuugua saratani, mwambie daktari, kwa sababu huku kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo, na wanaokunywa maziwa mabichi wanaweza kupata brusela, nayo hushambulia mgongo. Katika barua yako sikuona dalili hizo. Lakini barua siyo uchunguzi.

Turudi kwenye sendofu. Wifi yako ameona kitu cha kweli akakitafsiri vibaya. Ni kweli ulicheza. Furaha, muziki, na watu wanaokupenda hupunguza maumivu kwa muda, hilo mwili unalijua na wanasayansi wanalijua. Kilichotokea kesho yake wifi hakukiona. Hata hivyo nataka tuliangalie kwa jicho lingine pia, na sitaki likuudhi: kwa saa nzima mgongo uleule wenye pingili "zilizosagika" ulizunguka, ukainama, ukashuka chini na kupanda, na haukukatika. Uliuma baadaye, sana. Kuuma na kukatika ni vitu viwili. Nadhani siku zako zinakwenda hivyo: ukipata nafuu unafanya kila kitu, nguo, sakafu, magodoro, muziki, kisha unaanguka siku mbili, ukiwa umelala misuli inapungua nguvu, na siku ya kuamka kitu kidogo tu kinakuzidi. Kulala kwenyewe hakujawahi kusaidia mgongo kama tulivyofundishwa. Mwaka 1986 huko Marekani walilinganisha walioambiwa walale siku mbili na walioambiwa siku saba: wa siku mbili hawakuwa na hali mbaya zaidi, na siku walizokosa kazi zilikuwa pungufu kuliko za wenzao wa siku saba. Mwaka 1995 huko Helsinki walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko walioambiwa walale kitandani. Hao walikuwa na maumivu mapya, siyo ya miaka kama yako, lakini mwelekeo wa ushauri haujageuka tangu hapo.

Njia ambayo wataalamu wengi wa mazoezi tiba wanaitumia ni kuanzia chini ya kile unachokiweza siku mbaya, halafu kupandisha kwa ratiba. Kama siku mbaya unatembea dakika kumi, anza na saba, na siku nzuri usiende arobaini eti kwa sababu umeamka vizuri. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu siku nzuri ndiyo siku ambayo nyumba nzima inakusubiri. Na siyo kwamba kila mtu maumivu humwisha. Wengi hupata kwanza uwezo, maumivu yakabaki palepale kwa miezi, ndipo yakaanza kufifia. Wengine hayafifii sana, ila maisha yao yanapanuka. Kwa sindano na mkanda sitakuchosha: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, likataja mazoezi, elimu, kuchuliwa na tiba ya kisaikolojia miongoni mwa yanayofaa, na likashauri mikanda isitumike kama tiba ya kawaida. Diklofenaki na jamii yake zimo kwenye yanayoruhusiwa, lakini kwa kiungulia hicho unachokitaja, mtu wa kukuchoma kila ukija bila kukuuliza tumbo na presha anakuhatarisha. Hilo lipeleke kwa daktari wiki hii, kabla hata ya Ijumaa.

Sasa hiyo Ijumaa. Umeandika kwamba umepewa mambo mawili, halafu ukataja la tatu kwenye sentensi inayofuata kana kwamba halina uzito. Mimi nimehesabu zaidi ya hayo.

Kurudi vyumbani zamu kamili kunakulindia mshahara na tipu, na kunamnyamazisha wifi. Hatari yake ni kwamba ripoti haikusema unaweza zamu kamili. Ilikupima siku moja, kwa muda mfupi, ukiwa umepumzika, ukiinua kreti lenye mishikio mahali palipo wazi. Haikupima godoro la futi sita lililobanwa ukutani, wala toroli kwenye zulia, wala siku ya tano mfululizo usiku wake mtoto akiwa na homa. Mtu ambaye usikivu wake uko juu na hajafanya kazi kamili kwa muda, ukimrudisha ghafla kwenye mzigo wote, maumivu yanalipuka, anakosa kazi tena, na safari hiyo faili linakuwa nene zaidi. Kuna kurudi kwa ngazi: vyumba nusu kwa wiki kadhaa, magodoro mkiwa wawili, toroli lisijazwe. Sijui kama hoteli yako itakubali. Najua kwamba hujaliuliza.

Stoo ya mashuka inaonekana nyepesi na huenda ni nyepesi, ila kabla hujaitamani iangalie kwa macho. Wanaokunja mashuka husimama saa nyingi mahali pamoja, na marobota ya mashuka mabichi yana uzito wake. Kukosa tipu siyo jambo dogo, ada ni ada. Je, mpango wa miezi mitatu kule, huku ukifanya mazoezi, kisha mrudi mezani kuzungumza, ungebadilisha hesabu yako? Na kama supavaiza amelisema kwa mdomo, nani anaweza kuliandika?

Kuhusu hela ya kuondoka, naelewa sana hamu ya kujitawala. Lakini ulipowaza mitumba, nadhani ulimwona mama aliyekaa kwenye kibanda anapiga gumzo na wateja. Robota linakaribia kilo 45. Kuna kuamka alfajiri, kukaa kwenye kigoda kifupi mchana kutwa, kuinama kupanga, kufunga mzigo jioni na kuupandisha stoo. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na wewe vitanda unavijua. Huenda bado ni chaguo zuri, kwa sababu kwenye biashara yako utasimama utakapo na kupumzika utakapo, na uhuru huo mgongo unaupenda. Ila usiuchague kwa kudhani ni mapumziko. Na uangalie kama unaondoka kwa kutaka biashara, au kwa kutotaka kumwona tena supavaiza.

Yapo ya kisheria ambayo ungemuuliza mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria kabla ya kuamua. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Umetumia ngapi? Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya afya, atafute njia mbadala kama kumpa kazi nyingine au kurekebisha ile aliyonayo, naye mfanyakazi asikilizwe. Aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini ukisaini mwenyewe kwamba umekubali kuondoka, kuja kudai baadaye kwamba uliachishwa ni vigumu mno. Na swali ambalo barua yako haikuligusa: siku ile ya godoro, kuna aliyeandika popote kwamba uliumia ukiwa kazini? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa mambo kama hayo. Miaka imepita na pengine imechelewa, lakini kitabu cha matukio cha idara na kadi ya hospitali ya wakati ule vinaweza kusema kitu.

Nimebakiza mume wako, na hapa natembea polepole kwa sababu simjui. Umesoma ule ukimya wake kama shutuma. Inawezekana ndivyo. Inawezekana pia ni mtu aliyekufunga kamba za viatu, akachangisha hela ya kipimo, akaendesha pikipiki kwenye mvua akijiambia mke wangu ni mgonjwa, na leo karatasi inamwambia jambo asilolielewa na hakuna aliyemfafanulia. Je, umemweleza habari ya kidole gumba? Mimi ningejiuliza kama anaweza kuja nawe kwa yule mtaalamu wa fiziotherapia, akae pale, asikie mwenyewe sentensi zote mbili za ripoti zikielezwa na mtu ambaye si mkewe. Mama mkwe na wifi wanaweza kungoja. Ukianza kupeleka utetezi kwenye grupu la wasap utakuwa unajitetea hadi Krismasi.

Uliniuliza kama wewe ni mwongo bila kujijua. Mwongo hujua anachokificha. Wewe umeniandikia mpaka habari ya kucheza, ambayo ungeweza kuiacha na nisingejua kamwe.

Hiyo hela kuichukua au kuiacha siwezi kukuamulia, kwa sababu sijui ada ni kiasi gani, hoteli inakupa shilingi ngapi, na mgongo wako ukiamka Jumatano utakuwa na hali gani. Ninachoweza kukusaidia ni namna ya kuingia ofisini. Kabla ya Ijumaa omba nakala ya ripoti nzima, siyo ule mstari mmoja. Mtaalamu aliyekupima mpigie umuulize maswali mawili: "kazi ya uzito wa kati" ina maana ya kilo ngapi na kwa saa ngapi kwa siku, na je, yeye angependekeza nirudi kwa ngazi gani? Akikubali kuliandika hilo kwenye karatasi, utaingia ofisini ukiwa na jambo la tatu lenye muhuri. Nenda na mwenzako unayemwamini au mwakilishi wa chama. Na wakikuwekea karatasi ya kusaini mbele yako, hata kama kiasi kinapendeza, unaruhusiwa kusema, "Naomba nikaisome nyumbani na mume wangu, nitawajibu Jumatatu."

Anti